Chumba cha Nyuma cha Kakakuona

Jumatatu saa kumi alasiri, Kakakuona alikiziba kwa udongo chumba cha nyuma cha shimo alilotaka kuliuza, ahamie mlimani kabla ya masika. Babu yake alikichimba kuwahifadhi majirani wakati wa mafuriko, lakini Mhanga, mkaguzi wa mashimo, hakuitwa kugonga kuta na kukiidhinisha. Kakakuona alihofia mnunuzi angekimbia akijua hakina idhini.

Bibi Buku, panya mzee aliyekuja kulitazama shimo, aliingia polepole kama anayeota, akanusa ukuta.

“Chumba cha nyuma kiko wapi, mjukuu wangu?”

“Hakijawahi kuwepo, bibi.”

“Loo! Kumbe mafuriko yale nilizaliwa hewani?” Buku alicheka. “Nilikuja kununua kile. Hivi vingine baki navyo.”

Akaondoka.

Usiku ukuta ulimpumulia Kakakuona joto lenye harufu ya maziwa. Asubuhi alikifukua chumba, akaenda mwenyewe kumwita Mhanga.