Chupa ya Mwisho

Nukta nyeupe ilikuwa imetokeza chini ya mche wa okidi, ndani ya chupa iliyozibwa vijidudu visiingie, ya mwisho iliyosalia maabarani. Zuwena aliirudisha chupa rafuni, akaichukua tena. Kilima alikoitoa okidi hiyo sasa kilikuwa machimbo ya kokoto.

"Huo ni mzizi, dada. Uache," alisema Mbelwa, mwenzake wa kazi.

"Na kama ni kuvu? Mpaka kesho mche umekwisha."

"Ukifungua bure, wewe ndiye utakayeutia kuvu."

Zuwena aliwasha taa ya spiriti, ya kuunguza vijidudu mdomoni mwa chupa. Mbelwa akanyamaza, kwani chupa inapofunguliwa hakuna anayezungumza. Pumzi tu yatosha kuharibu. Wote wawili wakabana pumzi.

Kifuniko kilipolegea, mwali wa taa ukayumba kama uliopulizwa kutoka ndani ya chupa, na hakuna aliyekuwa amepumua.