Namba Inayopanda

Fundi ndiye aliyeiandika programu ile ya kurejesha picha zilizopotea, na alijua namba iliyokuwa ikipanda kwenye kioo cheusi cha kompyuta haikuhesabu chochote. Diski ya marehemu, mtoto wa shangazi yake, ilikuwa imekwama tangu mwanzo. Namba aliipandisha tu, ili shangazi yake asikate tamaa.

"Tisini na mbili!" Shangazi alisogeza kiti, akafuta miwani kwa upindo wa gauni. "Mwanangu, nitamwona tena kijana wangu akicheka."

Fundi akatazama namba ikipanda. Tisini na saba. Shangazi akamshika mkono; kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho.

"Shangazi, nisamehe. Hakuna picha hata moja iliyopatikana. Namba hiyo ni uongo wangu."

Shangazi hakuuachia mkono, wala hakuyatoa macho kwenye kioo.

"Nyamaza kwanza," alisema. "Iache ifike mia."