Bilauri ya Pili

Katika mkahawa ule, meza za nyuma ya pazia zilikuwa za familia. Aliyekuja peke yake alikula mbele, machoni pa wanaume.

"Mko wangapi, dada?" mhudumu alimuuliza Mwanakheri.

"Wawili."

Hakuwa na mtu. Tangu aachwe, alitaka tu kula bila kutazamwa. Mhudumu alileta biriani na bilauri mbili za maji.

"Mwenzako kachelewa."

"Foleni tu."

Baadaye alimsikia mhudumu mlangoni. "Uko peke yako, mama? Basi kaa hapo mbele."

Mwanakheri alifunua pazia. Mwanamke asiyemjua alisimama ameukumbatia mkoba wake.

"Huyo ndiye niliyekuwa namngoja," alimwambia mhudumu, akaisogeza bilauri ya pili.

Mgeni aliitazama bilauri, kisha mlango. Akaingia nyuma ya pazia, akaketi.