Harusi ya Jumamosi

Jeneza lilikuwa linashushwa kaburini, na Dula akatangaza harusi.

“Tazameni, bibi harusi anaingizwa nyumbani kwa mumewe,” alisema kwenye maikrofoni. “Shemdoe analia kwa furaha. Mwanamume mzima!”

Watu waliojaa katika banda la video pale Soni walikaa kimya. Kwenye televisheni, waombolezaji wenye makoti meusi walikuwa wakitupia udongo kaburini.

Dula ndiye mtafsiri wa filamu pale, kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri. Filamu hii ilitokana na riwaya kongwe ya mapenzi ya Kizungu, ya enzi za farasi. Watengenezaji wa siku hizi walimpa binti simu ya mkononi na gari jekundu, ila kifo chake hawakukigusa. Dula naye akaongeza ya kwake: kijana akampa jina la Kisambaa, Shemdoe, na shamba la ngano akaliita la kabichi. Hapo watu hucheka mpaka wakashika mbavu. Ni mwishoni tu ndipo hawacheki.

“Harusi gani hiyo?” Clemence alipaza sauti. “Si wanamzika!”

Clemence ni bwana misitu, alihamishiwa huku kutoka Tanga wiki mbili tu zilizopita, na mgeni ni kipofu ingawa ana macho. Mzee Idrisa, aliyekaa kando yake, akamshika goti.

“Tulia, baba,” alimnong'oneza.

Dula alikuwa ameshusha maikrofoni.

Clemence akatupa jicho huku na huku, ndipo akamwona Mwalimu Zipora kwenye benchi la mbele, fimbo nyeupe magotini, uso ameuinua kuifuata sauti. Kumbe banda zima linamfichia bibi asiyeona! Aibu ikamshika. Nusura amvunje moyo mtu mzima kwa domo lake.

“Jamani, samahani,” alisema kwa nguvu. “Nilikuwa sioni vizuri. Ni harusi kweli.”

Dula akainua tena maikrofoni, akamalizia: wakaishi, wakazaa, wakazeeka pamoja. Watu wakapiga makofi. Mwalimu Zipora alipiga kuliko wote.

Nje njia ilikuwa tope tupu. Clemence akamsogelea.

“Shikamoo, Mwalimu. Nikufikishe barabarani?”

“Marahaba, mwanangu. Nishike.”

Walitembea kidogo. Clemence akaona aikamilishe hisani yake.

“Mwisho mzuri, au siyo?”

“Mwisho upi? Riwaya ile nimeifundisha miaka ishirini na miwili, kabla macho hayajazima. Yule binti anakufa.”

Clemence akasimama palepale.

“Kumbe unajua? Sasa Dula anamficha nani?”

Mwalimu alimvuta mkono waendelee. Sauti yake ilikuwa imejaa machozi.

“Mkewe, Zakia, alikuwa na mimba ya miezi minane. Masika yaliyopita walimteremsha mlimani kwa machela kumpeleka hospitali, Dula ameshika upande wa kichwa. Walifika chini bado anamsemesha, na mwenzake ameshakata roho zamani. Mpaka leo, mwanangu, neno ‘amekufa’ halijamtoka mdomoni. Jumamosi ijayo njoo ukae nasi mbele, upige makofi.”