Komeo la Ndani

"Ingia nyuma ya mlango, funga komeo," Tekla alisema. "Mie nausukuma."

Fundi Kornelio alicheka. Wateja wa Keko hugonga milango kwa kidole, hupapasa vanishi, huuliza bei. Huyu alitaka kuivunja.

"Dada, umekuja kununua au kupigana?"

Hata hivyo akaingia nyuma ya mlango wa MDF uliosimamishwa kwenye fremu yake, akafunga. Tekla akaupiga kwa bega. Mara ya pili skrubu zilichomoka, komeo likadondoka miguuni kwa fundi pamoja na unga kidogo.

"Umeona?" Kornelio alisema kwa upole. "Hii ni vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa gundi. Sura inayo, tena haipindi. Ila haishiki skrubu, na ikinywa maji inavimba kama andazi. Njoo sasa kwa huu wa paini."

Wa paini ulikuwa na vifundo na bado ulinukia utomvu. Tekla aliupiga, akaupiga tena. Haukutikisika. Alipogeuka alikuwa ameshika bega, na kola ya blauzi yake imeteleza. Kornelio akaona alama kubwa nyeusi, kingo zake zimeanza kuwa njano. Haikuwa ya leo.

Akashusha sauti. "Ni wa chumba cha kulala?"

"Ndiyo."

"Uliopo umefanyaje?"

"Umevunjwa."

Kornelio alikuwa na dada Mbagala aliyewahi kuvaa mikono mirefu wakati wa joto. Hakutaka kumhukumu mtu asiyemjua. Aliuliza tu, "Ukipiga kelele, majirani hawaji?"

"Wanakuja. Wanasimama uani, wanaangalia."

"Basi chukua paini, dada'ngu. Bei nitakufanyia ileile. Mtu akiwa nje na hasira zake, MDF haikupi hata nafasi ya kujifunga kanga."

"Nataka MDF. Komeo liwe la ndani. Na uupake rangi ya mbao, mume wangu asijue."

Kornelio hakubishana. Alitengeneza mlango wa MDF kama alivyoagizwa. Lakini kabla ya kufunika upande wa pili kwa MDF, alimkumbuka dada yake. Akajaza ndani mapande ya paini kutoka juu hadi chini, akaupigia komeo kwa skrubu ndefu zilizozama kwenye mbao. Kisha akafunika, akapaka rangi. Kwa nje haukuonyesha chochote. Wala hakumwambia mtu.

Siku ya kuufunga, kule Goba, mume mwenyewe alimpokea. Aliitwa Ansbert, mwalimu, mtu mpana mwenye sauti ndogo. Alimletea fundi maji ya kunywa, akaugonga mlango kwa kidole.

"Mbao nzuri hii."

"Nzuri, mwalimu," Kornelio alijibu bila kumtazama usoni.

Tekla naye aliuegemea kidogo, kama anayeupima. Akamshukuru.

Jumamosi Kornelio alirudi kupaka mkono wa pili wa vanishi. Kabla hajafika getini alisikia kelele za mwanamke. Uani majirani walikuwa wamesimama, kanga midomoni. Hakuna aliyesogea.

"Nyie mnaangalia nini?" Kornelio aliwafokea. "Mnasubiri afe?"

Mama mmoja akainamisha uso.

Kornelio alitupa kopo la vanishi, akakimbilia ndani. Aliogopa, lakini chini ya hofu ile kulikuwa na faraja kidogo. Mlango ulikuwa umeshika. Mabamizo yake aliyasikia tangu sebuleni, mazito, moja baada ya jingine, na hakuna kilichopasuka. Alijua hautavunjika. Akakunja ngumi, akaingia kwenye ujia.

Aliyekuwa akiubamiza mlango ni Tekla.

Bega lilikuwa linatoka damu. Nyuma ya mlango, visigino vya mtu mzito vilikuwa vinapiga sakafu, haraka haraka, kisha polepole.

"Kifafa, fundi," alisema akihema. "Akihisi kinakuja anajifungia, hataki tumwone. Si ulisema hii haishiki skrubu?"