Asiyeaga Ngomeni

Katika mchezo wa Ngome, upanga wa hadithini huuma mwilini. Anayetoka husema, "Naomba njia," na wenzake humjibu, "Njia nyeupe." Asiyeaga, hata akivua kofia ya mchezo, mwili wake hubaki vitani, na kumuua ni halali.

Mwanakheri, malkia wa Ngome, alisikia mwanawe akipiga kelele jikoni. Akaitupa kofia, akakimbia. Mtoto alikuwa ameungua kwa uji. Alipomnyanyua, upanga ukamshukia begani, mwingine tumboni. Akaanguka huku amemkumbatia.

"Shekue! Waambie waache!"

Mumewe akatoka chumbani, kofia ingali kichwani, jasho likimtiririka.

"Si ungeaga, mke wangu," alisema kwa upole.

Akainua mkono mtupu, na Mwanakheri akahisi chuma kikimwingia ubavuni.