Njiti na Bonge

Pikipiki ilikuwa imeshashika mwendo, na bibi bado anaikimbilia, chupa ya maziwa mkononi. Dereva akapunguza. Mama akaipokea bila kushuka, akaichomeka kwenye mbeleko, ubavuni mwa Njiti.

"Mnyweshe huyo huyo," bibi akasema, akihema. "Sisi huku tutajua wenyewe."

Njiti alikuwa na mwaka na nusu, na ukimbeba ulihisi umebeba nguo tu. Tangu juzi alikuwa akiharisha. Macho yalikuwa yamezama, mdomo umekauka.

Pacha wake, Bonge, alibaki mlangoni, ameketi pale pale alipowekwa. Mama alitaka kuwachukua wote wawili. Bibi alikataa: mzima anafuata nini kwa wagonjwa, arudi na maradhi ya watu? Na baba mtu, dereva wa lori, alikuwa safarini. Alipopigiwa simu alisema tu kwamba mama yake asikilizwe.

Watoto hao waliachishwa ziwa siku moja, mama alipopata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni. Tangu hapo kidogo kilichopatikana kilikwenda kwa Njiti: yai lake, maharage yake, maziwa yake. Bonge alipewa uji wa unga na maji, maana mwenye afya hasumbui. Na kweli hakusumbua. Majirani walitania kwamba alianza kumla mwenzake tangu tumboni. Fundi cherehani wa nyumba ya pili alisema mtoto yule angefaa kuwa mbunge: kazi yake kukaa na kunyamaza.

Njiani mama alikuwa akiweka kidole puani mwa Njiti. Kuna wakati hakusikia pumzi. Akampiga dereva mgongoni, akamwambia kama naye ana mtoto, asihofie mashimo. Dereva hakuhofia tena mashimo.

Hospitali, foleni ilikuwa imetoka mpaka uani. Mama akawapita watu, wakamtukana, akaomba radhi bila kugeuka, akamlaza Njiti juu ya meza ya muuguzi.

Muuguzi alikuwa mtu mzima, mwenye mikono myepesi. Mshipa ulikataa mkononi, ukakataa mguuni, ukakubali kichwani. Dripu ilipoanza kudondoka ndipo alipogomba: mtoto gani huyu, mnamlisha chakula au mnamlisha hadithi? Baadaye Njiti akalia, kilio chembamba kama cha paka, lakini kilio. Mama naye akalia. Muuguzi akalegea.

"Huyu atapona, mwanangu. Umewahi."

Furaha ilimfungua mama mdomo. Hakutaka kuonekana mzazi mbovu.

"Mama, ungemwona pacha wake usingenigombeza. Mashavu haya! Miguu imejaa mpaka inang'aa. Ukimbonyeza kidole, shimo linabaki. Watoto wa jirani wamefanya ndio mchezo wao."

Muuguzi aliacha alichokuwa akikifanya.

"Na yeye anacheza?"

"Hapana, mama. Ni mtulivu. Siku hizi analala tu."

"Huo si unene, amevimba kwa njaa," muuguzi akasema. Alitoka akikimbia, akamtafuta dereva wa pikipiki, akamwambia arudi kule alikotoka, amlete na yule mwingine.

Njiti alikaa wodini majuma mawili, na leo ni kinyozi mwenye kitambi. Mama hakurudi tena kufua mashuka. Baba alimhamishia bibi kwa kaka yake, na yeye na bibi hawakusemeshana mpaka mmoja wao alipokufa. Bonge alikata roho mapajani mwa bibi mchana ule ule, na pikipiki ilipofika, bibi alikuwa bado anawanyamazisha majirani, wasije wakamwamsha mtoto.